Uzi: "Kali" yetu ni moja, ya Waingereza ni maneno chungu nzima. Kosa langu na ripoti ya shule

KaraniMwembeTayari:

Assalaam aleikum, na habari zenu ndugu na dada zangu. Uzi huu ni mrefu, mwenye kahawa na anywe taratibu.

Kazi yangu ni kuwasomea na kuwaandikia watu. Nina kijiofisi hapa Mwembe Tayari, Mombasa, kompyuta mbili, printa moja na benchi la wateja. Watu huja na barua za Kiingereza za korti, za kazi, za hospitali, za shule, nami nawaelezea kwa Kiswahili zinasema nini. Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja kutoka Kisauni na ripoti ya mwanawe. Mwalimu wa hisabati alikuwa ameandika: "He is very aggressive in class." Nikamwambia papo hapo, "Mama, mwalimu asema mwanao ni mgomvi sana darasani." Nikaona uso unamshuka. Akanipa shilingi 50, akaikunja karatasi mara nne mpaka ikawa kama kibiriti, akaitia kwenye mkoba akaondoka.

Baada ya siku nne akarudi. Babake mtoto alikuwa amemchapa kijana na kumpiga marufuku kwenda uwanjani mwezi mzima. Kijana analia, anaapa hajawahi kumgusa mtu. Mama akashika njia mpaka shuleni. Mwalimu alipomsikia alishika kichwa: alikuwa anamsifu! Kijana ndiye wa kwanza kunyoosha mkono, ndiye anayekimbilia ubaoni hesabu zikiwa ngumu, akikosea hafi moyo.

Nilifunga ofisi saa hiyo hiyo, nikapanda matatu, nikavuka daraja la Nyali, nikaenda kumwomba radhi yule mtoto mbele ya babake. Alinijibu "si neno, ami", lakini hakuniangalia usoni.

Tangu siku hiyo nalifikiria neno hili. Nililisoma kama kamusi: mshambuliaji, mshari, mchokozi. Na kwa Uingereza ningekuwa sawa. Mwalimu wa kule akiandika hivyo kuhusu mtoto, mzazi ajue kuna kesi. Lakini hapa Kenya neno limejipatia maisha mengine. Tazama matangazo ya kazi za mauzo: wanataka kijana "aggressive". Hawatafuti wa kumkaba mteja koo, wanatafuta mchapakazi mwenye ari, asiyengoja kusukumwa. Marekani nako kwenye biashara wanalitumia vivyo hivyo.

Mzizi wake wenyewe unaeleza. Kilatini "gradus" ni hatua. Ukitanguliza "ad", yaani kuelekea, unapata kumwendea mtu. Ndugu zake ni "progress", kupiga hatua mbele, na "congress", kuendeana mkakutana. Kwa hiyo ndani ya neno mna mtu anayesogea, basi. Anayeusogelea ubao na anayemsogelea mwenzake kwa ngumi wote wamo. Mimi nilimwona wa pili peke yake.

Nikajiuliza kwa nini nilikosea, nikaona chanzo ni "kali". Hapa siilaumu lugha yangu, naipenda sana. Lakini "kali" yetu imebebeshwa kila mzigo. Kisu kikali. Mbwa mkali, kama mageti ya Nyali na Tudor yanavyotuonya. Jua kali, mpaka mafundi wetu wa mabati na vyuma wakabatizwa jina hilo. Pilipili kali, siki kali, dawa kali, mwalimu mkali, maumivu makali, ushindani mkali, onyo kali. Msanii akipanda jukwaani watu wakasimama, naye ni mkali. Msikilizaji haulizi ukali gani, kwa sababu kile kilichotajwa kimeshamwambia.

Sasa mpe mtoto wetu ayaandike hayo kwa Kiingereza. Kisu kitataka "sharp", mbwa "fierce", pilipili "hot", dawa "strong", mwalimu "strict", maumivu "severe", onyo "stern", maneno ya kuumiza "harsh", na ushindani utakubali "stiff" au "fierce". Nimeshika mkononi barua ya kuomba ruhusa kazini iliyosema mtu anatumia "fierce medicine". Aliyeandika alijua anachotaka kusema. Alichokosa ni jirani wa neno. Maneno hukaa na majirani wake, na hata yetu ni hivyo: twasema kulaani vikali, twasema kukana katakata. Umewahi kusikia mtu amelaani katakata? Hakuna aliyetufundisha, tuliyasikia redioni yakiwa yameshikana mikono. Kulaani vikali Kiingereza chake ni "strongly condemn", kukana katakata ni "vehemently deny". Ndiyo maana nasema mtoto afundishwe maneno haya mawili mawili. Akipewa neno pekee na maana yake pembeni, ataandika kama yule wa dawa.

Nataka kuwasikia. Nani mwingine ameponzwa na maneno haya ya ukali?

SistaWaWadi:

Karani, pole. Ulivuka daraja ukaomba radhi, wengi wasingefanya hivyo.

Mimi ni muuguzi na neno hilo hilo lilimuumiza mzee wangu mmoja wodini. Barua ya vipimo iliandikwa "aggressive tumour". Mjukuu wake, mtoto wa shule, akamfasiria: "Babu, uvimbe una hasira." Nilimkuta yule mzee amekaa ukingoni mwa kitanda ananiuliza ameukosea nini mwili wake mpaka umkasirikie. Ilinibidi nivute kiti. Nikamwambia uvimbe hauna nia wala chuki. Daktari amemaanisha unakua na kuenea upesi, kwa hiyo nasi tusichelewe. Barua ikaendelea na "aggressive treatment", na hapo tena akadhani amepangiwa mateso. Maana yake ni kuanza matibabu kwa nguvu na bila kungoja.

Kuna jingine linalochanganya hata wasomi: "acute". Limetoka Kilatini "acutus", kilichochongoka ncha. Kwa asili basi ni ile "kali" ya kisu. Lakini hospitalini halipimi ukali hata kidogo, linapima muda: ugonjwa ulioanza ghafla. Mwenzake ni "chronic", kutokana na neno la Kigiriki la wakati, ugonjwa wa kudumu. Ukali wenyewe ndio "severe". Mtu anaweza kuwa na maumivu ya mgongo ya miaka sita, "chronic" kabisa, na yakawa "severe" kumshinda aliyeteguka mguu leo asubuhi.

Mgonjwa akiniambia "maumivu makali" siandiki kitu bado. Namuuliza: yanachoma, yanakata, yanapwita, yanavuta, au yanawaka moto? Kisha nampa namba, 0 hadi 10. Akishasema "yanapwita, saba", najua zaidi kuliko fomu yote. Kwa hiyo Karani, "kali" ni neno moja, lakini vitenzi vyetu vya maumivu ni vingi na vina macho. Tuvitumie.

NahodhaMstaafu:

Masalkheri nyote. Sista amenikumbusha namba, na mimi baharini nilifunzwa ukali kwa namba.

Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Francis Beaufort, mwaka 1805 aliupanga upepo kwa ngazi, kuanzia 0 hadi 12. Ngazi hizo zatumika mpaka leo. Ya 8 huitwa "gale". Ya 9 Waingereza huiita "severe gale". Ya 10 ni "storm", ya 11 "violent storm", upepo wa noti (maili za baharini kwa saa) 56 hadi 63, na kuanzia noti 64 ni "hurricane". Kwa hiyo nchi kavu mtu aweza kurusha "severe" na "violent" kama chumvi kwenye mchuzi, lakini redio ya meli ikitamka moja badala ya jingine, nahodha abadilisha uamuzi.

Bahari yetu hii nayo ina daraja zake za vimbunga, zinazotangazwa na kituo cha hali ya hewa cha kisiwa cha La Réunion kwa upande wa kusini magharibi ya Bahari ya Hindi. Dhoruba ikishapewa jina, waanza na "moderate tropical storm", kisha "severe tropical storm", kisha "tropical cyclone", kisha "intense", na mwisho "very intense". Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokwenda kupiga kisiwa cha Mafia, vijana wangu walikuwa wakisoma taarifa kwa simu wanasema "severe si mbaya kuliko intense?" Si mbaya kuliko hiyo, iko ngazi mbili chini yake. Nani angejua bila kuambiwa?

Sisi wa majahazi twasema kusi limeshika, bahari imechafuka. Mwingereza asema "rough sea", bahari yenye kukwaruza kama ubao usiopigwa randa. Mimi naona twasema jambo lile lile kwa macho mawili: yeye ameigusa, sisi tumeiangalia.

Na giza totoro wao huliita "pitch dark". "Pitch" ni lami nyeusi waliyokuwa wakizibia nyufa za meli zao. Sisi jahazi tulilipiga kalafati kwa pamba na tukalipaka sifa, mafuta ya papa, kwa hiyo giza letu halikupata jina hilo. Likapata "totoro", na sauti yake yatosha.

DogoMajengo:

Wazee shikamooni. Nina swali la kweli. Sisi vijana mtu akimjibu mwenzake kwa jibu la kumnyamazisha, twasema "savage!" Ni sifa. Mwalimu wangu wa Kiingereza alinikatia alama kwa kulitumia kwenye insha, akasema ni tusi. Nani yuko sawa?

KaraniMwembeTayari:

Marahaba, dogo. Nyote wawili mna haki, lakini ngoja nikupe historia yake, kwa sababu hili ni neno ambalo sisi hasa hatufai kulibeba tusijue lilikotoka.

"Savage" limetokana na Kilatini "silva", msitu. Maana yake ya kwanza ilikuwa "wa msituni": mmea wa msituni, mnyama wa msituni. Likapita kwenye Kifaransa, likafika Kiingereza, na kwa karne nyingi Wazungu waliwaita hivyo watu wa nchi walizozitawala. Babu zetu waliandikwa hivyo vitabuni, na vitabu hivyo viko maktaba mpaka leo. Mwalimu wako anasikia hilo. Wewe unasikia neno la vijana wenzako wa mtandaoni, ambako ukatili wa neno umegeuzwa kuwa ushujaa wa ulimi. Kwenye insha ya mtihani, mfuate mwalimu.

Na tusiwanyooshee vidole Wazungu peke yao. Hapa pwani sisi tulikuwa na "mshenzi". Waungwana wa mjini waliwaita hivyo watu wa bara, waliotoka nyika, kana kwamba ustaarabu unaishia kwenye ukuta wa mji. Kazi iliyofanywa na maneno haya mawili ni moja: kumwambia mtu kwamba anakotoka ndiko kosa lake. Bibi yangu alikuwa wa kutoka bara, na najua aliitwa nini sokoni alipofika Mombasa. Neno hilo sitaki kulisikia kwangu, liwe la Kiswahili au la Kiingereza.

Ukitaka la kusifu, chukua "fierce". Nalo lilianza porini, Kilatini "ferus" ni mnyama asiyefugwa, lakini lilipopita Ufaransa likaokota fahari njiani. Mpaka leo Mfaransa akisema "fier" anamaanisha mtu mwenye kujivunia. Kiingereza cha zamani pia kilikuwa na maana ya jasiri. Ndiyo sababu leo waweza kumsifu rafiki kwamba ni "fiercely loyal", mwaminifu kwelikweli, asiyekubali uguswe. Na kwenye mitindo ya mavazi mwanamke akitokea amependeza mpaka watu wakanyamaza, humwita "fierce". Hapo limekutana na "mkali" wetu wa jukwaani uso kwa uso. Hakuna aliyemwiga mwenzake. Yaonekana binadamu popote akiona kitu kizuri kupita kiasi hushtuka kidogo, na neno linalomjia ni la hatari.

BiMwalimuTudor:

Hapo kwenye kushtuka umenigusa, Karani. Nafundisha Kiingereza na hili ndilo somo ninalolipenda kuliko yote.

"Terrible" na "terrific" zilizaliwa tumbo moja, Kilatini "terrere", kutia hofu. Moja imebaki mbaya, nyingine siku hizi maana yake ni "safi sana". Mwanafunzi akiuliza kwa nini, sina sababu ya kumpa zaidi ya kwamba watu walizitumia hivyo. Mwingereza akikukanyaga mguu husema "terribly sorry", yaani samahani sana. Hofu imeisha, imebaki nguvu tu ya kusisitiza. Watoto hucheka, nami huwauliza: na nyinyi mkisema "nimechoka vibaya", ubaya uko wapi? "Nampenda kufa", nani amekufa? Hapo huelewa wenyewe.

Hata "very", neno la kwanza wanalojifunza, lilikuwa na maana ya "kweli". Lilitoka Kifaransa cha kale. Kwa hiyo "very cold" asili yake ni "baridi kweli", na hivyo ndivyo tunavyosema mpaka leo asubuhi za Julai.

Kosa ninalosahihisha kila muhula ni "intense" na "intensive". Yote yanatoka kwenye kuvuta, kukaza, kama kamba za hema; na "tent", hema lenyewe, ni la ukoo huo huo. "Intense" ni hali iliyokaza: joto la Februari mjini hapa, mtazamo wa mtu asiyepepesa. "Intensive" ni kazi iliyokazwa na watu kwa muda na mahali: mafunzo ya wiki mbili mfululizo, uangalizi wa wagonjwa mahututi. Mwanafunzi akiandika "intensive heat" namuuliza, nani amelipanga joto hilo?

Na kwa wazazi: kati ya ugomvi na unyonge kuna neno "assertive", na Kiswahili kinalo zuri kuliko wao, kusimama kidete. Mtoto anayesema "mwalimu, sijaelewa, rudia tafadhali" amesimama kidete. Nimeona wasichana wenye tabia hiyo wakiandikiwa "aggressive" ilhali mvulana mwenye tabia ile ile ameandikiwa "confident", anayejiamini. Hili linaniudhi kwa dhati, na kwenye chumba cha walimu nimelisema. Karani, mtoto wako wa Kisauni alipata mwalimu mwenye nia njema. Si wote.

SistaWaWadi:

Bi Mwalimu, hata kwenye faili za wagonjwa. Mama akiuliza maswali mengi huandikwa "aggressive". Mimi siku hizi huandika alichofanya: "ameuliza mara tatu kuhusu dozi". Daktari asome mwenyewe aamue.

KaraniMwembeTayari:

Sista, hilo nalichukua. Kuanzia wiki hii mtu akiniletea barua yenye neno la namna hii, simpi fasiri moja. Namuuliza kwanza nani ameandika, ni wa hapa au wa ng'ambo, na mstari wa juu na wa chini unasemaje. Kwa yule mama ningesoma mstari uliofuata tu ningejua. Ulikuwa umeandikwa "Keep it up", yaani endelea hivyo hivyo. Ulikuwepo, chini kabisa, kwa wino ule ule. Sikuufikia.

MamaWaLikoni:

Ndugu Karani na Bi Mwalimu, nimesoma yote. Binti yangu anaomba kazi ya mauzo, na tangazo limeandika "aggressive". Aliweke neno hilo kwenye barua au aliache? Naogopa yasije yakamkuta ya yule kijana.

KaraniMwembeTayari:

Bi mkubwa, kama kampuni ni ya hapa na neno ni lao, wanalijua kwa maana ya bidii, halitamdhuru. Lakini mimi ningemwandikia "driven" au "determined", kwa sababu barua hizi siku hizi husomwa na bosi aliye hapa na mwingine aliye ng'ambo, na maneno hayo mawili kote kote ni bidii na azma. Kisha aongeze sentensi moja ya alichofanya: aliuza nini, wapi, kwa muda gani. Kama aliwahi kutembeza mauzo mlango kwa mlango Likoni na Mtongwe kwenye jua la saa saba, aandike hivyo hivyo.

Mwambie aje kesho baada ya adhuhuri, na aje na tangazo lenyewe, lote, asilikate. Kazi hii silipishi.